Ngano ya Mama Aliye Hai

Uvumi ule Nevyana aliusikia kwenye foleni ya mkate, Jumatatu ya gulio, na tangu siku hiyo ukamganda kama harufu ya kitunguu saumu vidoleni: unaosha, haitoki.

Foleni ilikuwa ndefu. Ungedhani mji mzima wa Plovdiv umeamka na njaa siku hiyo. Nyuma yake walisimama wanawake wawili wenye vikapu vya pilipili, wakinong'ona kwa ile sauti ya kunong'ona inayosikika mpaka mtaa wa pili.

"Shoga, umezisikia za Mzee Tinko, yule wa maghorofa ya ng'ambo ya reli?"

"Kafanya nini tena?"

"Anazunguka na mfuko. Ndani kaweka koti la marehemu mkewe na viatu vyake. Akiona msichana mwembamba anamsimamisha, 'Wewe ndiye Elenka? Wewe ndiye yule yatima?' Wanasema kuna mwanamke alimjia na ndoto. Eti marehemu huko aliko anaona baridi, anaomba hereni zake za dhahabu apewe binti asiye na mama. Mzee wa watu akazitoa. Sasa anasema hereni hazikutosha. Mke wake bado anatetemeka."

"Maskini! Na yatima mwenyewe yuko wapi?"

"Yatima! Yatima na mamaye saa hizi wako mahali wanatafuna hereni."

Wakacheka. Nevyana akavuta skafu mpaka puani. Siku hiyo alikuwa amevaa koti lake jekundu la kiunoni na buti zinazong'aa, nywele zake nyeusi amezikata shingoni, na mtu yeyote angemwona ni msichana wa mjini aliyetulia. Lakini Elenka alikuwa yeye.

Foleni ikamsukuma hadi dirishani. Ndani, kijana mrefu mwenye unga mpaka kwenye nyusi alikuwa akikata banitsa ya moto, andazi la tabaka tabaka, jibini linavuja pembeni. Akamfungia mkate wake, kisha akaongeza kipande.

"Hiki cha pembeni ni bure, dada. Kimeungua kidogo kama mimi, lakini moyo wake ni laini."

Mkono wa Nevyana ukapokea. Mdomo nao, bila kumwuliza mwenyewe, ukajibu:

"Mungu amsamehe."

Foleni nzima ikageuka. Neno hilo kwao husemwa mahali pamoja tu, ukipewa chakula cha matanga, kinachotolewa kwa ajili ya roho ya marehemu. Mkate wa dukani unasemewa asante.

Kijana akajipapasa kifuani, akajipapasa shingoni. "Amsamehe nani? Jamani, nimekufa sina habari? Mbona asubuhi nilikunywa chai?"

Watu wakaangua kicheko. "Huyu mtoto kazoea matanga," akasema mmoja wa wale wenye vikapu, naye Nevyana hakusubiri la pili. Alitoka mbio akaacha glavu yake dirishani.

Alikuwa hajafika kituo cha basi akasikia nyuma yake, "Wee Mungu-amsamehe! Simama! Glavu!"

Kijana alikuwa amekimbia na aproni yake, anapumua kama farasi. Akaikabidhi glavu kwa mikono miwili kama anayetoa mahari.

"Naitwa Yavor," akasema. "Niko hai. Nimekuja kukuthibitishia."

Nevyana, ambaye kwa muda mrefu alikuwa hajacheka bila kuambiwa acheke, akacheka.

*

Sasa kazi yake na mamaye ilikuwa hivi. Pale kwao mtu akifariki, ndugu hubandika tangazo lenye picha mlangoni, kwenye nguzo, kituoni: jina, umri, majonzi ya familia. Bi Ginka, mama yake Nevyana, alikuwa akiyasoma yale matangazo kama watu wengine wanavyosoma bei za nyama. Akishachagua, anakwenda kukaa duka la karibu na msiba, ananunua kahawa, anasikiliza. Marehemu alikuwa na hereni gani, aliumwa nini, alipenda nini. Kisha inapokaribia arobaini anagonga mlango, kitambaa cheusi kichwani, macho yamevimba kwa kitunguu.

"Samahani, hamnijui. Mimi ni mtu wa kanisani tu. Nimeota ndoto ninaogopa kuisema."

Nani angemfungia mlango? Marehemu amemjia, anaona baridi, au ana miguu mitupu, anataka kitu chake fulani apewe binti asiye na mama. Bi Ginka hakuwa akichukua kitu mwenyewe, hapo ndipo alipokuwa mjanja. Anaaga, anakwenda zake. Kesho yake ngazini anaonekana msichana mwenye sweta la kijivu lililotobolewa viwiko, anauliza kama kuna wa kusafishiwa madirisha. "Una wazazi, mwanangu?" "Sina mama." Basi. Wenyewe wanamwita ndani huku wanalia.

Ilianza kwa bahati mbaya tu. Nevyana akiwa mdogo, baba ameshawakimbia, mamaye alimwacha nje ya kanisa akaingia kuomba msaada. Mama mmoja akamkuta mtoto peke yake kwenye baridi, akadhani ni yatima, akamvua mwanawe koti akampa. Bi Ginka alisimama mlangoni akaona. Angesema, "Ni wangu, asante." Akanyamaza. Lile koti lilikuwa zuri.

Na tangu hapo sheria ikawa moja: barabarani hawajuani. Nevyana alikua akijifunza kupishana na mama yake kama anavyopishana na mti.

*

Mapenzi hayana hodi. Yavor alimpigia simu siku hiyo hiyo.

"Haloo, hapo ni kwa Mungu-amsamehe?"

"Acha utani wako. Namba yangu umeipata wapi?"

"Umenipa mwenyewe kituoni, ulikuwa unatetemeka, ukadhani nimekuuliza saa. Kesho unakunywa boza ya mtama au kahawa?"

"Sinywi na watu wenye unga."

"Nitaoga. Mara mbili."

Akaoga kweli, akaja na shati la bluu lililopigwa pasi upande mmoja. Wakatembea kwenye daraja la mto Maritsa, wakitafuna mbegu za alizeti na kutema maganda majini, wakibishana nani atatema mbali. Yavor alikuwa na maneno mengi na mikono yenye joto, mikono ya mtu wa tanuri. Alimwita "mkate wangu", "chumvi yangu", na akikasirishwa kidogo, "wewe bwana". Nevyana alikuwa akirudi nyumbani midomo imechoka kwa kutabasamu.

Siku moja, darajani, Yavor akauliza kama watu wanavyouliza, "Na mama yako utanipeleka lini nikamsalimie?"

"Sina mama. Alikufa."

Lilitoka lenyewe, kama lile la banitsa. Alipotaka kulikamata lilikuwa limeshafika. Yavor alisimama, akamkumbatia, naye Nevyana akatazama maji yanavyopita chini.

"Amezikwa wapi?"

"Hapa hapa. Makaburi ya mjini."

"Basi Jumamosi ya Marehemu, kila mtu akienda kwa wake, tutakwenda wote. Nitampikia mwenyewe ngano ya kugawa kaburini. Si kazi ya wanaume, lakini mkwe ni mkwe."

Wakaendelea kutembea. Ili kumchangamsha, Yavor akamhadithia habari za dukani, akafika kwa Mzee Tinko. "Anakuja kila asubuhi na mfuko wake. Namwekea mkate, ananiuliza kama Elenka kapita. Nakuambia, chumvi yangu, nikimpata yule mwanamke wa ndoto na huyo binti yake, sitawapiga. Nitawaweka tu wakae mbele ya yule mzee wamtazame akila mkate peke yake."

Nevyana akapaliwa na mbegu ya alizeti. Yavor akampigapiga mgongoni kwa upole. Upole ule ndio uliomchoma zaidi. Akajua siku hiyo kuwa anampenda, na akajua kuwa siku Yavor atakapomjua, atampoteza.

Nyumbani alimwambia mamaye. Bi Ginka alikuwa anapaka rangi nyekundu kwenye kucha. Kazini huzificha ndani ya glavu nyeusi.

"Mapenzi!" akasema. "Mwanangu, mapenzi ni kazi kama kazi nyingine, ila hayana mshahara."

"Mama, yule mzee wa hereni anazunguka na viatu vya mke wake."

"Basi ana viatu. Kavichukue."

"Mama!"

"Usiniite kwa sauti hiyo. Nani alikulea? Baba yako? Wale waliotupita pale kanisani?" Akapuliza kucha, macho yamemlowa kweli, bila kitunguu. "Jumamosi ya Marehemu tunafanya kazi, halafu tunapumzika. Nakuahidi, roho yangu. Mara moja tu."

Nevyana hakuwahi kumshinda mama yake akilia.

*

Ugomvi ulikuja kwa njia ya simu. Walikuwa wamekaa kwenye benchi, mchana, Yavor amekwenda kununua kahawa. Simu ya Nevyana ikaita. Alikuwa Bi Ginka, anaumwa kichwa, analalamika ameachwa.

"Nakuja, roho yangu," Nevyana akasema taratibu. "Usile peke yako. Nami nakupenda. Ndiyo, wewe kwanza, wengine baadaye."

Alipogeuka, Yavor alikuwa amesimama na vikombe viwili.

"Roho yako ni nani?"

"Mtu wa nyumbani."

"Uliniambia huna mtu."

"Yavor, sikiliza..."

"Nasikiliza. Sema jina."

Angesema nini? Kusema "ni mama" ni kumfufua aliyemzika. Yavor akaweka kikombe kimoja kwenye benchi, polepole kisimwagike, akaondoka na kingine. Hakupiga simu jioni hiyo, wala kesho yake, wala wiki ile.

*

Jumamosi ya Marehemu makaburi yalijaa. Wanawake na mabakuli ya ngano iliyonyunyizwa sukari, mishumaa, divai inamwagwa juu ya udongo, watu wanagawiana mikate juu ya makaburi wakisema Mungu amsamehe, Mungu amsamehe. Nevyana alisimama kwenye njia ya kokoto ndani ya lile sweta la kijivu. Mama yake alikuwa makaburi mawili mbele, kitambaa cheusi, amepiga magoti kwenye kaburi la mtu asiyemjua.

"Nimekutafuta kila mahali."

Alikuwa Yavor. Amevaa koti la heshima, amenyoa, mikononi kashika bakuli lililofunikwa kitambaa cheupe. Akatazama lile sweta lenye viwiko vilivyotoboka, akadhani ni huzuni.

"Nilikosea," akasema haraka kabla hajakatizwa. "Hata kama una mtu mwingine, mama yako hana kosa. Nimempikia ngano. Nimeiunguza mara ya kwanza, nikapika tena. Kaburi liko wapi?"

Nevyana alifungua mdomo. Kabla hajasema, sauti nyembamba ikaita kutoka njiani.

"Elenka! Mwanangu Elenka!"

Mzee Tinko alikuwa anakuja mbio za kizee, mfuko unamgongagonga miguuni. Akamshika Nevyana mikono yote miwili, anacheka na kulia.

"Nilijua utakuja kwa mama yako leo! Nilisema, yatima gani asije leo? Angalia, koti lake hili. Lina bitana. Livae, nione. Akikuona umelivaa ataacha kutetemeka."

Akamwekea koti mabegani. Lilikuwa koti la kahawia, linanuka sabuni na kabati.

"Mzee Tinko," Yavor akasema, "huyu si Elenka. Huyu ni Nevyana."

"Huyu ndiye. Binti asiye na mama. Sweta hili mimi ningelisahau?"

Makaburi mawili mbele Bi Ginka akakohoa. Nevyana alikijua kikohozi kile tangu utotoni: ondoka. Angeweza. Neno moja tu, lile lile la kila siku, sina mama, kisha aondoke na koti lake, na Yavor angebaki na maswali yasiyo na jibu. Akamtazama mzee anavyomfunga vifungo kimoja kimoja, kama anamfunga mkewe.

"Mama!" Nevyana akaita. "Mama, njoo!"

Watu wakageuka. Bi Ginka akainuka, akajipangusa magoti, akamtazama mwanawe usoni. Uso wake ulikuwa wa huruma, uso wa mtu wa kanisani.

"Pole, binti," akasema. "Umenifananisha."

Akaondoka katikati ya makaburi. Hakukimbia. Alitembea kama mtu mwenye moyo mweupe, akaitikia hata salamu ya mama mmoja njiani.

Nevyana akavua koti. "Mzee, hakuna aliyeota. Yule ni mama yangu. Tulisoma tangazo mlangoni kwako. Habari za hereni tulizisikia dukani. Mimi sikuwahi kuwa yatima."

Mzee Tinko hakupiga kelele, na heri angepiga.

"Kwa hiyo haoni baridi?"

"Hajamjia mtu, mzee wangu."

"Hakuja." Akalikunja koti, mkono juu ya mkono. "Nilimwonea wivu yule mama, unajua? Nikasema, mke wangu kaenda kwa mgeni, kaniacha mimi. Lakini nilifurahi. Kumbe alikuwa bado anataka kitu kutoka kwangu. Sasa hataki kitu." Akalirudisha koti mfukoni. "Hereni mngeziiba tu, wanangu. Mngeingia dirishani."

Akaenda zake. Yavor alikuwa bado kashika bakuli.

"Ndiyo maana siku ile ulinijibu vile dirishani."

"Ndiyo."

"Na roho yako, kwenye simu..."

"Ni yeye."

Yavor akafunua kitambaa. Ngano ilikuwa imenyunyizwa sukari vizuri, juu yake amechora msalaba kwa kokwa za jozi, mkono mmoja umeinama. "Basi niambie," akasema. "Hii nilimpikia nani?"

Akaliweka bakuli juu ya kaburi la karibu, akaondoka.

*

Chumba alikikuta kitupu. Bi Ginka alichukua kila kitu mpaka mapazia. Kilichobaki ni zile hereni, ndani ya kopo la sukari. Kama alizisahau au alimwachia, Mungu ndiye ajuaye. Nevyana alizipeleka kwa Mzee Tinko. Mzee alizipokea, akafunga mlango, na Nevyana akasimama ngazini akiutazama mlango uliofungwa. Kisha akaenda polisi kwa miguu yake mwenyewe. Hakimu alizingatia kuwa amejisalimisha, akampa kifungo cha nje.

Mji ukajua. Alipata kazi ya kupiga deki ngazi za maghorofa, na wanawake wakipishana naye walikuwa wakishika hereni zao. Wengine walicheka, "Leo umeota nini, Elenka?" Aliinamisha kichwa akakamua tambara. Hakuona ana haki ya kukasirika.

Majira ya joto yalikuwa yamefika Yavor alipopanda ngazi hizo, unga kwenye nyusi.

"Usikanyage, kuna maji," Nevyana akasema bila kuinua macho.

"Nimeshakanyaga." Akakaa ngazini. "Nimejaribu kukuchukia. Mchana naweza. Tatizo kila mteja akisema asante nasikia vibaya, naona kama amekosea."

"Yavor, usinitanie. Siwezi."

"Sikutanii. Wizi wako umeukiri. Lakini mimi ulinizikia mtu mzima mzima, nikamlilia. Hilo linaniuma mpaka leo, na litaniuma. Nimekuja na sharti moja."

"Sema."

"Usinidanganye tena. Hata kama supu yangu ni mbaya, useme mbaya."

"Ni mbaya," Nevyana akasema, na machozi yakamtoka.

"Haya. Basi nataka kukuoa. Nami sioi binti asiye na mama. Mpigie. Mwambie."

Mikono ilikuwa imelowa, simu ikamteleza. Ikaita muda mrefu. Kisha ikapokelewa, na ile sauti laini, ya majonzi, ikasema, "Haloo?"

"Mama, ni mimi. Naolewa."

Halafu nyuma ya mama yake, sauti ya bibi kizee mahali fulani, ndani ya nyumba ya mtu: "Nani huyo, mwanangu? Endelea, alisemaje mume wangu kwenye ndoto?"

"Hakuna mtu," Bi Ginka akasema. "Wamekosea namba."

Yavor aliitoa simu mkononi mwa Nevyana, akaiweka kando. Akachukua tambara, akamalizia ngazi zilizobaki, vibaya, maji yakatiririka mpaka chini.

Walioana vuli. Upande wa bibi harusi kiti kimoja kilikuwa wazi, na wageni wasiojua wakauliza kama mzazi ni marehemu.

"Mama yangu yuko hai," Nevyana akawajibu. "Hakuja."

Mzazi mwenzangu unayesoma, nimeyaandika haya nikiwa na hofu kwa watoto wangu. Yaepuke haya:

Kumfungulia mlango mtu aliyeota ndoto ya marehemu wako. Marehemu wako anaijua njia ya kwako.

Kusimulia mambo ya msiba dukani, nani kaacha nini.

Kutoa vitu vya marehemu wakati bado unalia. Subiri.

Binti, kumwambia mwanamume uongo wa kwanza kwa sababu ni mdogo.

Kijana, kuondoka na kahawa yako kabla hujasikiliza.

Kunyamaza pale mtu anapompa mwanao kitu kwa kukosea.

Kumfundisha mtoto akukane mbele za watu, hata kama ni kwa ajili ya chakula chake. Hutajua siku utakayozoea wewe kumkana.